Nukta Niliyoisogeza

Magharibi ikisha kuadhiniwa Kibokoni
nawasha kisanduku kinachosikia nisichosikia.
Kioo chake chaonyesha sauti kama mshono wa cherehani:
tiki, tiki, tiki, kisha mfululizo mkali.
Hapo mmoja kamla mdudu juu ya taa ya barabara,
nami nimeandika saa.

Nyevu Dzombo ndiye ashikaye ngazi.
Alikuwa fundi wa nyaya za simu, haogopi paa.
Mimi nilichora viwanja miaka kumi na tisa
ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili, dirisha halifunguki;
nilipima kuta za watu, nikazipa namba.
Sasa napima wasio na ukuta.

Ramani yetu imetandazwa juu ya meza ya chakula,
ina doa la achari karibu na Tudor.
Nyekundu ni wala matunda, buluu ni wala wadudu,
alama ya kuuliza ni pale tulipofukuzwa.
Mikungu ya Makadara: mia tatu na ushei.
Pango la matumbawe upande wa Nyali: hatukuhesabu,
tulisimama tu mlangoni, harufu ikitupiga kofi,
giza likipumua.
Msufi uliokuwa Changamwe: sifuri.
Ulikatwa mwezi wa Rajabu, pakawekwa makontena.
Nyevu alisema futa. Nikasema acha,
sifuri nayo ni anwani ya mtu.

Watu hutuuliza. Kinyozi wa Makupa:
"Mwawahesabu muwaue, au muwale?"
Mtoto: "Ni kweli popo hunya kwa mdomo?"
Nikamwambia hufyonza tunda, hutema makapi,
na kokwa idondokayo njiani huota.
"Mwembe wa kwenu nani aliupanda?"
Akafikiri. "Babu."
Haya, babu.

Kazi ikawa nyumba ya Bi Tima Msellem.
Mlango wa nakshi umelemaa ubavu mmoja,
dari ya boriti, na kwenye boriti wao,
kama soksi zilizosahauliwa kambani.
Mia mbili na kumi na wawili. Nyevu alihesabu mara tatu
akizuia kikohozi kwa leso.

Nilitoa kalamu ya buluu. Bi Tima akanishika mkono.
"Mji huu, kitu kikitiwa ramanini
hufuatwa na barua, na barua hufuatwa na tingatinga.
Faraji wangu ataka kuuza. Akijua wako
ataleta moshi kabla wiki haijaisha.
Marehemu alikuwa zamu ya usiku bandarini.
Hawa wakirudi alfajiri, wakigombania nafasi,
mimi kitandani nasikia amerudi."

Nikamweleza ninavyoeleza wote:
asiyekuwa kwenye karatasi
hana sheria ya kumtetea.
Akacheka. "Kitendawili!"
"Tega."
"Popo mbili zavuka mto."
Hata mtoto wa chuoni ajua. "Macho," nikasema.
"Mato," akanisahihisha. "Basi vusha yako. Kalamu iache."

Sikulala. Namjua mpima aliyefungwa
kwa hatua tatu za shamba la mtu.
Mahali penyewe nimepaandika, ndiyo,
kwenye daftari la dukani, chini ya bei ya sukari,
kwa mwandiko ambao mimi mwenyewe nausoma kwa shida.
Kisha nikaichukua nukta ya buluu
nikaisogeza mashariki, ikapita nyumba, ikapita ukuta,
ikatua katikati ya mkono wa bahari
baina ya Mji wa Kale na Nyali,
pasipo paa wala boriti.

Asubuhi Nyevu aliinama na kikombe cha kahawa,
akaiweka kidole.
"Mia mbili na kumi na wawili. Majini?"
"Ndiyo."
"Wanafanya nini huko?"

Nikamwangalia mpaka akaelewa.
"Wanavuka," nikasema.